Vifuniko viwili ndani ya beseni la mtoto

Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike mwaka jana, na mimi, kwa kuwa ndiye mama mkubwa wa mtoto huyo, nilifunga safari ya kwenda Morogoro kukaa naye kwa wiki mbili za likizo ya shule. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mama mkwe wake amekwisha kuandaa kila kitu: beseni la maua, maji ya vuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, kanga safi iliyokunjwa juu ya kigoda, na pembeni ya kigoda chupa ya dawa ya kuua vijidudu, ile ya majimaji yenye rangi ya kahawia ambayo karibu kila nyumba ninayoijua inayo. Alifungua chupa, akajaza kifuniko, akamimina. Akayatazama maji kwa muda, kisha akajaza kifuniko cha pili. Maji yakageuka meupe kama tui, na chumba kizima kikajaa ile harufu ambayo wengi wetu tumelelewa tukiiita harufu ya usafi.

"Mama," nilimwuliza, "hiyo dawa huwa unaweka kiasi gani?"

"Mpaka maji yabadilike, mwanangu," akanijibu. "Yakiwa meupe ujue dawa imekolea. Hivi ndivyo nilivyowaogesha wanangu wote sita, na wote wako wazima."

Sikumbishia. Mtu hawezi kuingia katika nyumba ya watu leo asubuhi akaanza kumkosoa mzee aliyelea watoto sita. Lakini jibu lake lilinikaa moyoni, kwa sababu mimi ni mwalimu wa kemia, na weupe ule naufahamu vizuri. Dawa ya aina hiyo ina kiambato kinachoitwa kloroksilenoli, ambacho hakipendi maji, kwa hiyo huyeyushwa ndani ya chupa pamoja na mafuta ya msonobari, pombe na sabuni. Ukiimimina kwenye maji, mafuta yale hukosa mahali pa kuyeyuka, yakajitenga kuwa matone madogo mno yasiyoonekana moja moja, na matone hayo yakitawanya mwanga, maji huonekana meupe. Weupe, basi, ni alama kwamba mafuta yamekutana na maji, na hausemi lolote kuhusu nguvu ya dawa wala kuhusu kipimo kinachomfaa mtoto wa siku nne. Mama yule alikuwa anapima dawa kwa jicho, na jicho lilikuwa linamdanganya.

Nimeandika haya kwa sababu naamini tumesahau jambo moja la msingi: kemikali ya kuua vijidudu ni dawa, na dawa ina ugonjwa wake, kipimo chake na mahali pake mwilini. Hatumwagi vidonge vya malaria kwenye chungu cha mchuzi kwa sababu tu vinaua vimelea. Lakini kemikali za kuua bakteria tumeziruhusu ziingie katika sabuni ya kuogea, dawa ya meno, maji ya kudekia, poda na hata vyombo vya jikoni, na mara nyingi hatuulizi zinatibu nini.

Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, tena mwili wake ni mdogo ukilinganisha na eneo la ngozi yake, kwa hiyo kinachopakwa juu huingia ndani kwa kiasi kikubwa kuliko kwa mtu mzima. Dunia ilijifunza hili kwa uchungu. Katika miaka ya 1950 na 1960 kemikali moja iitwayo heksaklorofeni ilikuwa ndiyo fahari ya hospitali za Marekani na Ulaya. Watoto wachanga waliogeshwa kwa sabuni yenye asilimia 3 ya kemikali hiyo ili kuwakinga na bakteria wanaosababisha majipu, na kwa kazi hiyo ilisaidia kweli. Mwaka 1972, nchini Ufaransa, poda ya watoto iliyojulikana kama Talc Morhange ilichanganywa kwa makosa na zaidi ya asilimia 6 ya heksaklorofeni. Wazazi waliwapaka watoto wao poda ile kila walipowabadilisha nepi, kwa upendo, kama sisi tunavyofanya. Kemikali ilipenya kwenye ngozi, hasa pale palipokuwa na vipele, ikafika kwenye ubongo. Zaidi ya watoto 200 waliugua, na 36 wakafa. Mwaka huohuo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiondoa heksaklorofeni katika bidhaa za kawaida na kuagiza itolewe kwa cheti cha daktari tu.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya zamani na kwamba siku hizi bidhaa hupimwa. Ningependa iwe hivyo. Nchini Korea Kusini, ambako hewa ya ndani hukauka sana wakati wa baridi, watu hutumia mashine ndogo zinazotoa ukungu wa maji chumbani. Tangi la mashine hiyo likiachwa chafu huota ukungu na utelezi, kwa hiyo kuanzia mwaka 1994 ziliuzwa dawa za kumiminwa ndani ya tangi ili kuua vijidudu. Zilitangazwa kuwa salama, na familia zilizojali usafi zilizinunua. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2011 madaktari wa hospitali moja kubwa ya Seoul waliwapokea wajawazito na akina mama waliojifungua karibuni ambao mapafu yao yalikuwa yakikakamaa, na hakuna tiba iliyowasaidia. Mwezi wa nane mwaka huo serikali ilitangaza kwamba chanzo kinachoshukiwa ni dawa ile ya tangi, na kabla ya mwaka kwisha iliondolewa madukani. Leo watu waliotambuliwa rasmi kuwa waathirika wamezidi 5,000, na waliokufa miongoni mwao wamezidi 1,000, wakiwamo watoto wadogo na mama zao.

Kisa hiki hunisumbua kuliko vyote ninavyovijua katika somo langu. Kemikali kuu iliyohusika ilikuwa na sifa ya upole ikigusa ngozi, na ilikwisha kutumika katika kazi nyingine za usafi. Kosa lilikuwa kuirusha hewani pamoja na ukungu wa maji na kumfanya mtu aivute usiku kucha, njia ambayo hakuna aliyeipima kabla ya kuuza. Kitu kinachovumiliwa na ngozi ya kiganja kinaweza kuua kikifika kwenye pafu, na mtengenezaji aliyekihamisha kutoka hapa kwenda pale bila kupima upya alikuwa anafanya jaribio juu ya binadamu. Mama wa Seoul aliyeosha tangi lake kila jioni hakuwa mzembe. Alifanya alichoambiwa na maandishi ya chupa.

Nikirudi kwenye sabuni, kuna utafiti ninaoutaja kila mwaka ninapofundisha kidato cha tatu. Ulifanyika Karachi, Pakistani, kati ya mwaka 2002 na 2003, katika mitaa ya makazi duni ambako maji ni haba na watoto hufa kwa kuhara na nimonia. Baadhi ya kaya zilipewa sabuni ya kawaida, nyingine zikapewa sabuni ya kuua bakteria yenye asilimia 1.2 ya triklokabani, na zote zikawa zikitembelewa kila wiki na kukumbushwa kunawa. Kaya nyingine ziliendelea na maisha yao kama kawaida ili kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Miongoni mwa waliokuwa wakinawa, nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano ilipungua kwa nusu, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 15 kulipungua kwa asilimia 53. Hizo ni namba kubwa. Zipo chanjo ambazo zingejivunia namba kama hizo. Lakini kati ya sabuni ya kawaida na sabuni yenye dawa hapakuwa na tofauti. Nusu ya nimonia iliondolewa na kipande cha sabuni, maji na viganja viwili vinavyosuguana, na utafiti wenyewe ulifadhiliwa kwa sehemu na kampuni inayotengeneza sabuni za aina zote mbili, kwa hiyo hauwezi kushukiwa kuwa uliitakia mabaya sabuni ya dawa.

Sababu yake si ngumu. Chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia hushika mafuta ya ngozi pamoja na uchafu na vijidudu vilivyonasa humo, na maji yakipita huvichukua vyote. Bakteria anayekwenda na maji kwenye karo hatuna haja ya kumwua kwanza. Zaidi ya hapo, virusi vyenye utando wa mafuta, kama kile cha UVIKO-19, huvunjwa na sabuni ya mche ileile tunayofulia. Kemikali ya kuua bakteria iliyomo kwenye sabuni ya kuogea, kwa upande mwingine, inahitaji muda wa kugusana na bakteria, na watu wengi hunawa kwa sekunde chache tu. Wala haikuwekwa kwa ajili ya virusi, na homa nyingi za mafua na sehemu kubwa ya kuhara kwa watoto husababishwa na virusi.

Kemikali iliyosambaa kuliko zote katika sabuni hizo ilikuwa triklosani. Ilibuniwa katika miaka ya 1960 na kuingia hospitalini kwa ajili ya mikono ya wapasuaji, kazi inayoeleweka kabisa. Kutoka hospitalini ikaingia nyumbani: sabuni, viondoa harufu ya kwapa, dawa ya meno, mbao za kukatia mboga, soksi. Nchini Marekani, mkojo wa watu 2,517 wenye umri wa miaka sita na kuendelea ulipopimwa katika miaka ya 2003 na 2004, triklosani ilikutwa kwa karibu robo tatu yao. Wakati huohuo, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilikuwa na rasimu ya kanuni kuhusu sabuni za aina hiyo tangu mwaka 1978 na haikuikamilisha mpaka iliposhtakiwa mahakamani mwaka 2010. Hatimaye, mwezi wa tisa mwaka 2016, ilitoa uamuzi: viambato 19, triklosani na triklokabani vikiwamo, visitiwe tena katika sabuni za kunawia na kuogea zinazouzwa kwa watu wa kawaida. Watengenezaji walikuwa wamepewa nafasi ya kuthibitisha mambo mawili, kwamba bidhaa hizo ni salama zikitumiwa kila siku kwa miaka mingi, na kwamba zinafanya kazi kuliko sabuni na maji. Hawakuthibitisha. Umoja wa Ulaya nao ulikataa triklosani katika bidhaa za usafi wa mwili mwaka huohuo wa 2016.

Ni haki kuongeza kwamba dawa ya meno haikuguswa na uamuzi ule wa Marekani, kwa sababu dawa moja ya meno yenye asilimia 0.3 ya triklosani ilikuwa imeonyesha kwa ushahidi kwamba inapunguza ugonjwa wa fizi, na ikaidhinishwa mwaka 1997. Palikuwa na ugonjwa, kipimo na mahali pake. Sina ugomvi na matumizi ya namna hiyo.

Hofu kuhusu triklosani ni za aina kadhaa. Katika wanyama wa maabara imeonekana kupunguza homoni ya tezi ya shingo. Katika mito huwadhuru mwani na viumbe wa majini. Mito 139 ya Marekani ilipochunguzwa mwaka 1999 na 2000, zaidi ya nusu ilikutwa nayo. Lakini hofu inayonigusa zaidi mimi, nikiwa Mtanzania, inahusu kifua kikuu. Triklosani huua bakteria kwa kuziba kimeng'enya kinachowasaidia kutengeneza mafuta ya utando wao. Kimeng'enya hichohicho, katika bakteria wa kifua kikuu, ndicho kinacholengwa na isoniazidi, mojawapo ya dawa nne ambazo mgonjwa wa TB hupewa ndani ya kidonge kimoja katika kliniki zetu. Katika maabara, bakteria wa jamii ya kifua kikuu ambao kimeng'enya chao kilibadilika kidogo walistahimili triklosani na isoniazidi kwa pamoja. Sisemi kwamba sabuni ya kuogea imeleta TB sugu mtaani kwetu, hilo halijaonyeshwa. Ninachosema ni kwamba usugu wa vimelea dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vinavyokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na kwamba Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko wote. Katika hali hiyo, kuwazoeza bakteria silaha inayofanana na dawa tunayoitegemea, tena kwa ajili ya sabuni isiyozidi sabuni ya kawaida, ni gharama isiyo na faida.

Tangu nirudi kutoka Morogoro nimekuwa na tabia ya kusoma pakiti dukani. Muuza duka wa mtaani kwetu amenizoea. Hunipa sabuni na kunisubiri nigeuze upande wa nyuma, ambako herufi ni ndogo kama mayai ya chawa. Mbele pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba inaua asilimia 99.9 ya vijidudu, nyuma hapaelezwi ni vijidudu gani, vilikuwa juu ya nini, wala viliguswa kwa muda gani. Sabuni za maji zinazotengenezwa mtaani na kuuzwa katika chupa za maji zilizotumika hazina maandishi yoyote. Nazipenda biashara hizo, wanaozifanya ni vijana na akina mama wanaojitafutia riziki, lakini mwenye kununua ana haki ya kujua ndani mna nini, na chupa ya maji ya kunywa haipaswi kamwe kubeba kemikali, kwa kuwa mtoto akiiona na kiu yake hataisoma.

Baada ya triklosani kuondolewa, viwanda vingi vilihamia kwenye benzalkoni kloraidi, kemikali ambayo mwanasayansi wa Kijerumani Gerhard Domagk aliitambulisha mwaka 1935. Utaikuta katika dawa nyingi za kudekia na vitambaa vya kupangusia. Inafanya kazi vizuri juu ya sakafu na meza, ingawa imehusishwa na pumu kwa watu wanaofanya usafi kila siku. Ina jambo moja ambalo huwaonyesha wanafunzi wangu kwa macho. Chembe yake ina chaji chanya, na sabuni ina chaji hasi; nikimimina moja juu ya nyingine, zinashikana, maji yanachafuka kama uji mwembamba, na kuanzia hapo hakuna inayofanya kazi yake. Kwa hiyo anayechanganya dawa hiyo na sabuni ya unga ndani ya ndoo moja ya kudekia, akidhani anaongeza nguvu, ametupa fedha zake zote mbili.

Kuchanganya kwingine ni hatari kuliko hasara. Mwaka 2020, shule zilipofunguliwa baada ya kufungwa kwa sababu ya UVIKO-19, mama mmoja anayefanya usafi shuleni kwetu aliambiwa ahakikishe vyoo vinang'aa. Alimwaga dawa ya choo, ile yenye asidi ya kuondoa ukoga, kisha juu yake akamwaga klorini ya maji, ambayo sisi huiita jiki hata ikiwa ya kampuni nyingine. Nilikuwa ukumbini nikasikia kikohozi ambacho hakikuwa cha kawaida. Alitoka akishika ukuta, macho yanachuruzika, kanga ameibana puani, na nyuma yake ikaja harufu kali inayokwaruza koo hata kwa aliyesimama mbali. Tulimkalisha chini ya mwarobaini upande unaotoka upepo, tukamzuia asirudi kuchukua ndoo yake, jambo alilolitaka sana, kisha tukampeleka hospitali. Alipona, lakini alikohoa kwa siku nyingi. Asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, gesi ileile iliyofunguliwa dhidi ya askari kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Jiki ikikutana na amonia, au hata na mkojo mwingi uliokaa, hutoa gesi nyingine zinazounguza mapafu. Hakuna aliyemwambia mama yule. Aliambiwa ang'arishe, na mimi mwalimu wa kemia niliyekuwa nikipita mbele ya stoo ile kila siku sikuwa nimemwambia pia. Siku iliyofuata niliandika kwa kalamu nene kwenye mlango wa stoo, kwa Kiswahili, kwamba vitu hivi viwili havikutani.

Nisieleweke vibaya kuhusu klorini. Ni dawa kubwa. Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza wanafunzi wake waliokuwa wakitoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa akina mama waliokuwa wakijifungua, na vifo vya akina mama katika wodi yake vikaanguka. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam mwezi wa nane mwaka 2015 na kusambaa nchini, klorini ndiyo iliyookoa visima na madumu ya watu. Ina mahali pake na ina hesabu yake: jiki yenye asilimia 3.5, ukichukua kipimo kimoja ukaongeza vipimo sita vya maji, unapata asilimia 0.5, ambayo hutosha kwa sakafu iliyotapikiwa na mgonjwa. Uchafu huila klorini, kwa hiyo sakafu huoshwa kwanza kwa sabuni ndipo ipakwe klorini, na jua nalo huimaliza, kwa hiyo maji yaliyochanganywa jana si dawa tena. Vilevile haikuwekwa kwa ajili ya mwili mzima wa mtu. Shirika la Afya Duniani lilipotamka mwezi wa tano mwaka 2020 kwamba watu wasinyunyiziwe dawa hizo katika vibanda na mageti, lilisema jambo ambalo macho na koo za waliopita humo zilikuwa zimekwisha kulisema.

Kwa mtoto mchanga pia ipo dawa ya kuua vijidudu yenye kazi halali. Klorheksidini ya asilimia 7.1 hupakwa kwenye kitovu, na huko Nepali, mahali ambapo wengi huzaliwa nyumbani na kitovu hupakwa vitu vya kienyeji, ilipunguza vifo vya watoto wachanga. Lakini ilipojaribiwa kwetu, Pemba, kwa maelfu mengi ya watoto, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuonyesha kwamba inapunguza vifo kuliko kitovu kilichoachwa kikavu na safi. Dawa ni ileile. Mazingira ndiyo tofauti. Na katika nchi kadhaa za Afrika, tangu mwaka 2015, zimetolewa taarifa za watoto waliotiwa dawa hiyo machoni kwa kudhaniwa kuwa ni dawa ya macho, kwa sababu vichupa vilifanana, na baadhi yao wakapata madhara makubwa ya macho. Dawa njema, kipimo sahihi, mahali pasipo pake.

Kule Morogoro, siku ya saba tulimpeleka mtoto kliniki. Ngozi ya mikunjo ya shingo na makwapa ilikuwa inabambuka kidogo; ngozi ya watoto wachanga hubambuka yenyewe, kwa hiyo sikuisingizia dawa, lakini muuguzi aliuliza mtoto anaogeshwa kwa nini, na akasema maji safi ya vuguvugu yanatosha. Tulipokuwa tunarudi, mama alikuwa kimya hadi tulipofika nyumbani. Kisha akasema:

"Kwa hiyo wale sita nilikuwa nawaumiza?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Uliwalinda. Ulikuwa unaweka kwa sababu gani?"

Akanieleza. Alipokuwa anazaa, maji ya nyumba yao yalitoka Mto Ngerengere, yakichotwa kwa ndoo, na wakati wa mvua yalikuja ya rangi ya chai ya maziwa. Kuni zilikuwa ghali, hivyo hakuweza kuchemsha maji ya kuogea kila siku. Kifuniko cha dawa kilikuwa ulinzi pekee aliokuwa nao kati ya mto ule na kitovu cha mwanawe. Nilipomsikiliza nikaona kwamba nilikuwa nimeulizia kipimo kabla ya kuuliza ugonjwa, kosa lilelile ninalolilalamikia. Mama yule alikuwa na ugonjwa wa kutibu, nao ulikuwa maji machafu. Miaka imepita, bomba limeingia uani, gesi ya kuchemshia ipo jikoni, na ugonjwa ule haupo tena ndani ya nyumba ile, ila mkono umebaki na mazoea ya kumimina.

"Na harufu je?" akaniuliza baadaye, na niliona kwamba hili ndilo lililokuwa likimsumbua zaidi. "Mgeni akija kumwona mtoto, atajuaje kwamba ameogeshwa?"

Sikuwa na jibu la kemia. Mdogo wangu ndiye aliyejibu, kutoka kitandani, kwamba mgeni amshike mtoto amnuse. Mama akacheka, akakichukua kile kichupa, akakiweka juu ya kabati pamoja na pamba na plasta. Kilishuka mara moja tu kabla sijaondoka, shemeji alipojikata kidole kwa kisu cha kumenyea viazi. Mama alinipa nimsomee maelekezo, akapima maji kwa kikombe na dawa kwa kijiko, bila kuangalia rangi.

Asubuhi yangu ya mwisho nilishika taulo wakati anamwogesha mjukuu wake. Maji yalikuwa maangavu, na kwa mara ya kwanza nikayaona maua yaliyochorwa kwenye kitako cha beseni, mekundu mawili na la njano moja, na kisigino cha mtoto kikiyapiga teke.